Kikohozi cha Zhiguli ya Babu Derkenbai

Baba mdogo Sagyndyk alikuwa fundi wa mashine za kunyoa kondoo mpaka kituo kilipofungwa. Kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto kilibaki hukohuko. Haongei sana. Akitafuta ubovu wa kitu huandika kwa chaki kwenye mlango wa banda, jambo moja chini ya jingine, na kila alilolikagua hulipiga mstari. Mlango ule nimeusoma kuliko vitabu vyangu vya shule.

Novemba ile mlango ulijaa.

Gari ni Zhiguli nyeupe aliyoiacha babu yangu Derkenbai alipofariki, miaka miwili iliyopita. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi Baba mdogo humpeleka mkewe, Mama mdogo Zuura, hospitali ya mjini akasafishwe damu kwa mashine, maana figo zake zimekufa. Ni mwendo wa saa mbili na nusu kuvuka mlima. Baridi ikishaanza, platini za zamani, vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate cheche, zilikuwa zinasumbua. Babu alizisugua kwa msasa kila wiki kama mtu anayenoa wembe wake. Baba mdogo aliona iko siku zitawaangusha mlimani, akanunua sokoni mfumo mpya wa cheche usio na platini: kisanduku kidogo, koili ya kukuza umeme iliyo kali zaidi, waya mpya. Akaufunga kwa siku moja. Platini za Babu akazivingirisha kwenye kitambaa na kuziweka kabatini.

Safari mbili za kwanza injini ilienda laini kama cherehani. Ya tatu, kwenye kona ya makaburi, ikaanza kumisi, kukatakata.

Pale ukungu wa mto hupanda mpaka kwenye zile kuba za udongo walimolala watu wetu. Kila anayepita huzima redio na kupitisha viganja usoni. Kwa hiyo ndani ya gari kulikuwa kimya walipoisikia: milipuko miwili mifupi, kimya, halafu mmoja mrefu wa kukokota. Mama mdogo alimshika mumewe mkono. Baba mdogo hakugeuka, lakini jioni alipokuwa anatusimulia niliona hamalizi chai yake.

Babu alifanya kazi mgodini, na mapafu yake yaliisha kabla yake. Usiku tulikuwa tunamsikia ukutani. Viwili vifupi, kimya, kimoja kirefu.

Bibi Batma, mjane wake, hakushtuka hata kidogo. Alisema mzee ameudhika, kitu alichokihudumia kwa mikono yake kimeng'olewa bila kuagwa. Akaingiza matawi ya mreteni, mti wa mlimani unaonukia, kwenye kikaango cha chuma, yakashika moto, akalizunguka gari na moshi ule mzito mara tatu huku akinong'ona. Kwetu kila kitu hufukizwa, mtoto, zizi, hata simu mpya, kwa hiyo Baba mdogo alimwacha. Yeye aliandika chaki. Plagi: akaweka mpya, akazipanua mwanya. Mstari. Waya za plagi: akazibadilisha. Mstari. Taimingi. Kabureta. Waya wa kisanduku unaoshika bodi. Mstari, mstari, mstari. Kifuniko cha distributa, kile kikombe cheusi kinachogawa cheche kwa plagi nne, alikifungua akakitazama. Kilikuwa cheusi tangu kiwandani, na cheusi hakikuonyesha kitu. Mstari. Kila jioni akawa anakitoa na kukiweka dirishani karibu na jiko, kisilale na unyevu.

Gari likazidi. Sasa lilikohoa kabla ya kona, kisha getini, kisha likiwa limewashwa uani asubuhi lipate joto na sisi tunakunywa chai. Mara ya kwanza liliposikika ndani ya nyumba, Bibi aliacha kikombe na kunyoosha shingo dirishani. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri mgeni. Hapo ndipo mimi nilipoogopa.

Jirani yetu Toktosun, ambaye Zhiguli yake ilishageuka banda la kuku, alikuja kuegemea uzio.

"Mrudishie mzee platini zake, Sagyndyk. Alipokuwa hai hakukuazima hata spana, leo umuibie?"

"Wewe rudi kwa kuku wako," Baba mdogo alimjibu. "Wanakusubiri uwawashie injini."

Lakini Jumamosi hawakufika. Kwenye kona gari lilikohoa, likakohoa tena, likazima. Walisukumwa kurudi na wachungaji wawili ambao hawakutaka kuingia ndani hata kuelekeza usukani. Mama mdogo alirudi amevimba miguu. Nesi alisema kwenye simu kwamba Jumanne asikose, na akaongeza kwa sauti ya chini kwamba akikosa Jumanne wasihangaike kumpigia. Gari jingine pekee la kijiji lililokuwa linatembea lilikuwa Bishkek, mji mkuu, na kondoo mpaka Alhamisi.

Jumapili Baba mdogo alifanya kitu ambacho sikutegemea. Alifungua kabati, akatoa kile kitambaa, akarudisha platini za Babu na koili ya zamani, kila kitu mahali pake. Bibi alisimama karibu, ameifunga shali yake vizuri kama anaenda harusini. Ufunguo ukazungushwa. Injini ikashika, ikaenda kidogo, tukaanza kuangaliana.

Viwili vifupi. Kimya. Kimoja kirefu.

Bibi akasema taratibu, "Hataki platini. Ametaka kurudi tu."

Mama mdogo, aliyekuwa amekaa mlangoni na blanketi, ndiye aliyejaribu kututoa pale. "Hili gari linaumwa kuliko mimi," alisema. "Jumanne tulilaze kitandani, mimi nisukume." Alicheka peke yake, na pumzi ikamwishia katikati.

Usiku ule chaki haikuandika kitu. Asubuhi ya Jumatatu niliona mlango wote umefutwa, na katikati pameandikwa neno moja: *Kilichobaki*. Nilimuuliza maana yake. Akaniambia amebadilisha koili, plagi, waya, ameweka mfumo mpya na kurudisha wa zamani, na ugonjwa ni uleule. Kwa hiyo ubovu umo ndani ya kile ambacho hakijabadilishwa mara zote mbili. Alikuwa anajisemea yeye kuliko mimi.

Mchana aliliingiza gari bandani, akafunga mlango, akaziba dirisha na mkeka wa sufu mpaka giza likawa totoro. Mama mdogo alikaa kwenye usukani kwa sababu hakukubali mtu mwingine. Injini ikawashwa. Baba mdogo akachukua maji mdomoni na kuyapuliza juu ya kifuniko cha distributa kama mtu anayepiga pasi.

Sitasahau nilichokiona. Nyuzi za buluu zilitokea juu ya kile kikombe, nyembamba, zikitambaa kama mizizi inayotafuta maji. Zilitoka shina moja la waya kwenda jingine, zikafa, zikarudi. Na kila zilipotambaa, injini ilikohoa. Nje ya mlango Bibi alikuwa akisema jina la Babu, polepole, kama unavyomwamsha mtu usiyetaka kumshtua.

"Zima, Zuura," Baba mdogo alisema. "Inatosha."

Akafungua mlango, akapeleka kifuniko juani. Ndani, kati ya shaba mbili, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Aliukwangua kwa ukucha, haukutoka. Njia ambayo cheche ilijichomea yenyewe. Akapitisha kidole pembeni, kikatoka na utandu mweusi wa kunata. Akaunusa. Akanipa na mimi ninuse.

Mreteni.

Ikabidi aulize. Bibi hakuficha. Lile gari lilipofungwa mfumo mpya, wakati kifuniko kiko wazi, alilifukiza hapohapo. Na kila jioni kifuniko kikiwa dirishani, alikuwa akikiinamisha juu ya kikaango, mdomo chini, kivute moshi vizuri. Kadiri kikohozi kilivyozidi, ndivyo alivyozidisha matawi. Masizi yale yenye utomvu yakipata ukungu yanapitisha umeme, na cheche ya koili kali ikapata njia ya mkato. Baba mdogo aliahirisha kumweleza hayo. Alienda kwa Toktosun.

Toktosun alitoa kifuniko kwenye gari lake, akafukuza kuku wawili, akakifuta kwa shati lake mwenyewe. Hakutania. Baba mdogo alikiosha kwa petroli, akaurudisha mfumo mpya, na kifuniko akakificha ndani ya koti lake akalala nacho.

Jumanne walipita kona ya makaburi wakiwa wamezima redio, viganja vikapita usoni, na ukungu ulikuwa mzito. Injini haikusema kitu. Mama mdogo aliniambia baadaye kwamba kimya kile kilimtisha kuliko kikohozi, kwamba alitega sikio mpaka mlimani. Saa nne alikuwa kwenye mashine, damu yake inazunguka kwenye mirija. Nesi alimkaripia kwa kuchelewa dakika kumi.

Baba mdogo alipiga simu nyumbani kutoka kwenye korido. Mimi ndiye niliyemshikia Bibi simu, sikio lake halisikii vizuri, kwa hiyo nilisikia yote. Alimwambia Zuura yuko salama. Kisha akamwambia la moshi, kwa upole, kwa kituo, kama mtu anayeteremka ngazi gizani.

"Sawa, mwanangu," Bibi alisema. "Moshi ndio uliokohoza gari. Lakini mimi nilianza kufukiza kwa sababu nilimsikia mzee akikohoa uani. Wewe ulikuwa hujanunua hata waya."

Niliisikia upande wa pili, ile pumzi ya Baba mdogo, na toroli la hospitali likipita. Alimwambia afunge mlango vizuri, watarudi kabla ya giza.

Walirudi. Mama mdogo alishuka mwenyewe, akaomba mkate na siagi.

Siku hizi Bibi anafukiza uani, hatua kumi na tano kutoka kwenye gari, Baba mdogo alizipima. Matawi ya mreteni Baba mdogo mwenyewe ndiye anayeenda kumkatia, mlimani, kila Ijumaa.