Viatu vya Kufunika

Kaka yangu alipopata likizo baada ya miaka mingi ng'ambo, alisema atalipia vyumba katika hoteli moja kubwa iliyo juu ya kilima, pembeni mwa mji wa Kisii, ili mama apumzike siku chache mbali na moshi wa jikoni. Mama alikuwa mgonjwa. Titi lake la kushoto lilikuwa limekatwa mwaka uliotangulia, na daktari alikuwa ameniita kando na kuniambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema maneno hayo, kwamba ugonjwa umefika kwenye ini. Kaka nilimwambia. Mama hatukumwambia, ingawa nadhani alijua kabla yetu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Ogembo. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo kazi ya kumwandaa mama iliniangukia. Hata kabla hajapanda ndege, kaka alikuwa akinitumia maagizo ya sauti kwa simu.

"Pale jioni watu hawaingii hivi hivi," alisema. "Gauni lipite magoti. Liwe la rangi moja iliyotulia. Asivae kama anaenda harusini, na asivae kama anatoka kuchuma majani chai. Na viatu, dada yangu, viwe vya kufunika. Watu wa pale huangalia viatu kwanza."

Nilimwona amekuwa mtu wa maringo. Nyumbani tulijua kwamba huko aliko ni meneja wa hoteli, na nikasema moyoni, cheo kimempanda kichwani. Hata hivyo nilifanya alivyotaka. Nilinunua gauni la buluu iliyokolea, la mikono mirefu kwa sababu mikono ya mama ilikuwa imebaki mifupa, nikampelekea fundi wa pale Ikonge alipunguze ubavuni. Alilipunguza, mama akalijaribu, likalegea tena. Upande wa kushoto kitambaa kilining'inia kikionyesha kila kitu. Nikashona kifuko kidogo, nikakijaza pamba, nikakitia ndani ya sidiria.

Mama aliniangalia nikihangaika na pini.

"Kwani nikila hivi nilivyo, chakula kitakataa kushuka?"

"Ni kaka ametaka, mama."

"Basi funga," akasema.

Kaka alitupokea mlangoni mwa hoteli. Alimkumbatia mama kwa uangalifu, kama mtu anayebeba trei ya mayai, kisha akarudi nyuma kidogo akamtazama. Kwenye simu mama alikuwa akijitanda leso na kukaa mbali na taa. Sasa alikuwa mbele yake, mchana, kichwa kisicho na nywele kimefungwa kitambaa. Kaka alisema anaenda kunawa uso. Nilisikia maji ya bomba yakimwagika muda mrefu.

Jioni ilipofika nilimvisha. Gauni lilimkaa vizuri, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alijitazama kwenye kioo bila kugeuza uso. Kasoro ilikuja kwenye viatu. Vile vyeusi vyake vya kanisani tulivyovibeba havikuingia. Safari ilikuwa imemvimbisha miguu hadi vidole vimebanana. Nilipaka mafuta visiginoni. Nikajaribu kusukuma kwa mpini wa kijiko.

"Acha, mwanangu. Unaniumiza."

Akavaa ndara zake. Tukashuka pamoja, yeye akiwa ameshika mkono wa kaka, kaka akiwa ndani ya koti zuri la kijivu na tai.

Mlango wa chumba cha kulia ulikuwa wa kioo. Msichana aliyevaa suti nyeusi alitukaribisha kwa tabasamu, kisha macho yake yakashuka chini.

"Samahani sana, mama," alisema kwa upole. "Jioni haturuhusu ndara. Ni sheria ya hoteli."

"Huoni miguu yake?" nikamwambia. "Ni mgonjwa."

"Naona, madam. Nisubirini nimuulize meneja."

Ndani watu waliacha kula wakatutazama kupitia kioo. Nilimgeukia kaka nikingoja aseme kitu, yeye aliyezoea watu wa namna hii. Alikuwa anamtazama yule msichana.

"Usimuulize," akamwambia. "Atakugombeza bure."

Akamgeuza mama taratibu, tukarudi juu. Mama alihesabika kuwa mgeni wa hoteli mpaka pale mlangoni tu.

Tulipofunga mlango wa chumba, hasira zilinitoka.

"Umetuhangaisha na magauni na rangi, halafu unashindwa kusema neno moja kwa ajili ya mama?"

Kaka alikaa ukingoni mwa kitanda akalegeza tai.

"Ile ndiyo kazi yangu," alisema. "Sijawahi kuwa meneja. Nasimama mlangoni nikiwa na suti nyeusi kama ile. Waliovaa vibaya nawarudisha mimi."



"Hata wazee?" mama akauliza.

"Hata wazee."

"Na wagonjwa?"

Kaka alijikuna mkono, kisha akasema, "Nilitaka siku moja niingie kama mgeni. Niingie na wewe, na mtu anivutie kiti."

"Huko wewe unakula wapi?" mama akamuuliza.

"Jikoni. Nikiwa nimesimama."

Mama alinyoosha mkono akataka nimfungue zipu. Nilimvua gauni, nikatoa na kile kifuko cha pamba, nikamtanda leso mabegani juu ya shimizi. Alimwambia kaka aagize chakula kiletwe chumbani. Kililetwa: samaki chini ya kifuniko cha chuma, na supu.

"Kaa chini ule," mama akamwambia.

Kaka alikula akiwa ameinamisha kichwa, machozi yakidondoka mezani. Mama alimeza vijiko vichache vya supu, na baadaye akavitapika vyote. Asubuhi aliomba arudishwe nyumbani. Kaka alikuja naye, akalala sebuleni kwenye kochi mpaka likizo yake ilipoisha. Hakuna aliyegusia tena habari za umeneja. Majirani walipomsifu, mama aliwaacha wasifu.

Mama alifariki mvua za masika zilipokuwa zimeshika. Kaka alinyimwa ruhusa ya kuja, kwa hiyo siku ya mazishi nilimshikia simu juu ya kaburi aone. Alitokea kwenye kioo cha simu akiwa amefunga vifungo vyote, shati jeupe na suti nyeusi, nyuma yake kuna ukuta na mapipa ya taka. Shangazi alichungulia.

"Amevaa kwa heshima kweli," akasema. "Ameomboleza vizuri."

Jeneza lilikuwa linashushwa nilipomsikia mtu akimwita kaka kwa lugha ya kule, kwa sauti ya haraka. Alisema, "Dada, nisubiri kidogo." Picha ikalala upande, nikaona zege, kisha simu ikakatika.

Shangazi aliniuliza kaka ameenda wapi. Nikamwambia ni mtandao, na vijana wakaanza kurudisha udongo upesi kwa sababu mvua nyingine ilikuwa inakuja kutoka upande wa Manga.