Wazazi Wake Walikuwa Wapi

Binti wa marehemu dada yangu anapenda muvi za kutisha kuliko chakula. Simlaumu, kila mtu ana ulevi wake, na wangu ni kulalamika. Kinachonichosha ni kwamba muvi ikiisha hanyanyuki mtu mpaka atafute kwenye simu kama yale mauaji yalitokea kweli.

Tumemlea mimi na mama yangu, hapa Mkolani, tangu hajajua kutembea. Mimi ananiita mama mdogo. Mama yangu, yaani bibi yake, ndiye mwenzake wa Jumapili. Tukishatoka kanisani na kula, wanashusha mapazia, maana jua la mchana linapiga moja kwa moja kwenye kioo cha televisheni, binti anachomeka flashi, na mambo yanaanza. Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo zinanunuliwa zile zilizotafsiriwa, ambazo jamaa anaongea juu ya sauti za Wazungu na kuwabandika majina ya mtaani. Muuaji akitokomea msituni, mtafsiri anasema keshakatiza Mkuyuni, jirani na kwetu hapa. Mama hucheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Mimi muvi hizo nilizijua mapema. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na banda la video kule Mirongo, mabenchi ya mbao na joto la kuoka mikate, na mwenye banda alikuwa akiandika kwa chaki mlangoni: KISA CHA KWELI. Tuliingia kwa kukanyagana. Siku moja kaka yangu alimuuliza amejuaje kama ni cha kweli, akajibiwa kwamba asiyetaka akae nje. Tangu hapo niliamini maneno yale ni chambo tu, na binti alipoanza uchunguzi wake nilimwambia hivyo.

"Hawadanganyi, mama mdogo," akasema. "Wanaongeza."

Akanieleza kwa mifano. Kwenye muvi mwenye nyumba anaua wapangaji wake wote, anawafukia chini ya sakafu, nao wanamgongea kutoka huko chini. Kumbe mwanamume wa namna hiyo alikuwepo kweli, ila aliua mmoja tu, mkewe, na hakuna aliyegonga chochote. Kwenye nyingine kuna msichana anayetembea juu ya maji kuwasaka waliomzamisha. Kumbe msichana alikuwepo, alizamishwa, na hakurudi. Kila alipochimba, ukweli ulikuwa mdogo: mtu mmoja, chumba kimoja, na majirani wanaosema jamaa alikuwa mpole, alikuwa akiwasalimia. Mizimu ndiyo iliyoongezwa. "Na majirani ndio wanaopunguzwa," alisema, nami nikashangaa mtoto huyu akili hizi amezitoa wapi.

Mama yeye hakuhangaika na mizimu. Katika kila muvi, msichana akishauawa, aliuliza swali lile lile: "Na huyu, wazazi wake walikuwa wapi?"

Binti alikuwa akipekua simu. "Hawajaandika, bibi."

"Waandike," mama alisema.

Tulikuwa tunamtania kwa swali hilo. Hata mbuzi wa jirani akipotea, binti aliniuliza kwa sauti ya bibi yake wazazi wake walikuwa wapi, nami nikacheka. Najuta kicheko kile, kwa sababu mimi nilijua swali limetoka wapi na yeye hakujua.

Binti alikua akiambiwa kwamba mama yake aliugua ghafla akafariki. Maneno hayo hayakuanzia nyumbani. Yalisemwa mazikoni, mbele za watu. Kwetu huwezi kuzikwa bila kusomewa wasifu: umezaliwa wapi, umesoma wapi, umeolewa lini, umeugua nini. Mjomba wetu alisimama kando ya jeneza akasoma kwamba dada yangu aliugua ghafla, hali ikabadilika, jitihada za kumwokoa zikashindikana. Watu wakaitikia amina. Nusu yao walijua kwamba alipigwa na mumewe mpaka akafa, huko kijijini kwa mumewe kwenye mwambao wa ziwa mkoani Mara, na kwamba mwanamume alikuwa keshavuka ziwa. Hadi leo hajaonekana. Wazee wa pande mbili walikuwa wamekaa, wakaona kusema vile ni kumstahi marehemu, na kumstahi mtoto aliyekuwa amelala mgongoni kwangu, mimi nikiwa bado shule ya msingi.

Uongo ukishasomwa mazikoni ni kazi kuurudisha. Tulisema tungoje akue. Alipokua tukangoja amalize kidato cha nne, halafu aingie chuo, halafu amalize chuo. Wakati huo wote yeye alikuwa akitafuta ukweli wa kila maiti ya Ulaya, na wa nyumbani kwake tumeukalia. Nilikuwa nikimwona ameiinamia ile simu na roho ikiniuma, kisha nikienda zangu kuosha vyombo.

Jumapili moja, si zamani, waliweka muvi ya kale kidogo. Mke kijana anakaa na mumewe katika nyumba kubwa porini, na mume ana kitu kimemwingia, sijui pepo, sijui nini. Katikati, yule mke anatoroka, anafika kwa mama yake uso umevimba. Mama mtu anampa chai. Anampaka dawa. Asubuhi anamfungia mkate kwenye kitambaa na kumrudisha kwa mumewe. Ni kipande kifupi, hakina hata muziki wa kutisha, na mtafsiri alikitumia kuwasalimia washikaji zake.

Mama hakucheka.

"Hiyo ni kweli," alisema.

"Subiri, bibi, sijatafuta bado."

"Usitafute."

Binti alikuwa keshashika simu. Mama alinyoosha mkono akaifunika kwa kiganja.

"Hiyo usitafute, mjukuu wangu. Niulize mimi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la vyombo. Nilitaka kusema kitu, chochote, hata kwamba maji yamechemka, ili kumzuia. Nashukuru kwamba niliishia kuweka beseni chini.

Mama alieleza bila kupamba. Kwamba mama yake binti hakuugua, bali mumewe alimpiga mpaka akafa, kisha akakimbia. Kwamba alikuja hapa nyumbani akakaa, akarudishwa, akaja tena akiwa na binti mgongoni, jicho moja limefumba. Kwamba ng'ombe wa mahari yake walikuwa wameshatolewa kwa ajili ya mke wa kaka yetu, na baba yangu, Mungu amrehemu, akasema ng'ombe wa kurudisha hana.

"Babu yako alisema, na mimi sikubisha," mama alisema. "Nikamkanda kwa maji ya moto. Nikamfungia samaki wa kukaanga. Nikamwambia vumilia, mwanangu, nyumba zote ziko hivyo. Nikamsindikiza mpaka stendi, nikamchagulia kiti cha dirishani ili wewe upate hewa."

Kwenye televisheni pepo lilikuwa limeanza kazi yake. Watu walikuwa wanapiga kelele, mtafsiri naye anapiga kelele juu yao, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kuizima. Binti alikuwa ameuacha mkono wake chini ya mkono wa bibi yake, na simu chini ya yote miwili.

Nilitegemea aulize juu ya baba yake, jina lake, alikokimbilia, kama kuna polisi aliyewahi kumtafuta. Ndivyo alivyozoea kuuliza. Hakuuliza. Aliinua uso akamtazama bibi yake, na nikaliona swali linakuja, lile lile tulilolifanyia utani miaka yote. Mama naye aliliona. Hakumwacha mtoto alitamke.

"Nilikuwa hapa," alisema. "Nilikuwa nimekaa hapa hapa."