Python ya Mvara na Mashangazi wa Koboko

Kwenye harusi za ukoo wa mume wangu, kule Koboko, mashangazi humpaka bibi harusi marashi mmoja mmoja, mkubwa akitangulia. Ukivuruga zamu, umemtukana mtu. Ndiyo maana nilishtuka mama mkwe aliponipa mimi, msichana wa Mvara, mjini Arua, kazi ya kupanga majina katika harusi ya shemeji yangu.

"Wewe iko na kompyuta," alisema. "Panga wewe."

Niliipokea kwa mikono miwili, na nilikuwa na sababu. Shangazi mkubwa hakuja harusi yangu. Alisusa kwa kuwa tulifungia ndoa Arua, kwetu, na tangu hapo mimi kwake ni "ile mutu ya Arua." Nilitamani siku moja tu aniite mwanangu.

Basi nikaandika programu kwa Python, lugha ya kompyuta ninayoifundisha kila siku. Niliingiza majina kwa umri, nikaijaribu kwenye laptopu nyumbani. Yalitoka sawasawa, shangazi mkubwa mbele. Kisha nikaihamishia kwenye kibao kidogo cha elektroniki, ukubwa wa biskuti, chenye kioo na pawabenki yake, maana umeme wetu hauaminiki. Kibao hicho kina Python ndogo, iliyobanwa ienee humo. Lugha si ni ile ile? Nijaribu tena ya nini? Maskini mimi! Python ya laptopu hukumbuka jina lipi liliingia kwanza. Ile ndogo huyaweka majina popote penye nafasi.

Siku ya harusi, zamu ya marashi ilipofika, likatokea kwanza kiooni jina la shangazi mdogo kabisa. Shemeji mwingine, mwenye kipaza sauti, akalisoma kabla hajafikiri. Shangazi mdogo akabaki kitini, mkono mdomoni, na shangazi mkubwa alikuwa ameshasimama, chupa ya marashi mkononi.

Nikamkimbilia, nikapiga magoti.

"Shangazi, nisamehe. Kule nyumbani mashini iliita wewe kwanza."

"Na hapa?"

"Hapa iko na Python ile ile, lakini tabia ingine."

"Kumbe iko kama wewe," alisema. "Swahili moja, lakini tabia ya Arua." Wenzake wakaangua kicheko. Yeye akaketi. "Wacha iite. Mimi itangoja."

Kile kibao kisicho na adabu kiliita wote, kikamweka yeye mwisho. Nilitamani ardhi inimeze. Alimpaka bibi harusi bila haraka, kisha akamimina marashi yaliyobaki kiganjani, akanitazama.

"Njoo."

"Shangazi, bibi harusi ni yule."

"Mimi iko naona. Siku yako mimi hapana kuja. Leta kichwa, mtoto yangu."

Akanipaka paji la uso, mashavu, shingo. Nililia mbele ya ukoo mzima, wala sikuona haya.