Slabu ya Jumamosi

Siku mdogo wangu alipoweka nadhiri zake za kwanza za usista kule Mbinga, mimi nilikuwa Mbamba Bay napokea mchanga.

Nilikuwa karani wa saiti. Tulijenga bweni la ghorofa la wasichana, juu kidogo ya ziwa, na kazi yangu ilikuwa kupokea vifaa, kuandika mahudhurio, na kupiga simu zote ambazo foromani hakupenda kupiga. Tulifanya kazi siku saba. Aliyeomba ruhusa aliitwa mvivu mbele ya wenzake. Asiyeomba alisifiwa kuwa mtu wa kazi, hata kama akifika nyumbani mwanawe anamkimbia kama mgeni.

Mimi nilimwomba foromani ruhusa wiki tatu kabla.

"Shikamoo, mzee. Naomba Jumamosi moja tu. Mdogo wangu anakuwa sista."

"Marahaba. Anakuwa sista mpaka lini?"

"Mungu akipenda, maisha yote."

"Basi utamwona mpaka umchoke. Siku hiyo tunamwaga nguzo. Siku ya zege haondoki mtu."

Mafundi walicheka. Na mimi nilicheka, kwa woga, na kicheko hicho kilinikaa kifuani kama kokoto. Baadaye mama alinisimulia kwamba mdogo wangu, akiwa amevaa shela jeupe mbele ya altare, aligeuka mara mbili kuangalia benchi letu.

Miezi miwili ikapita, ikafika zamu ya foromani. Alikuwa anatimiza miaka ishirini na tano ya ndoa, na Jumamosi saa nne asubuhi yeye na mkewe wangerudia ahadi zao kanisani huko huko Mbinga. Suti mpya aliitundika stoo kwangu, ndani ya nailoni, na kila mchana alikuja kuichungulia.

"Foromani," mama aliyetupikia alimwambia, "suti hiyo padri ataiona imeshaota saruji."

"Acha wivu, mama. Pakua ugali."

Alhamisi mhandisi akapiga simu. Slabu, zege la sakafu ya ghorofa, haimwagwi kabla hajakagua nondo, na ikishaanza haisimami, wala foromani habanduki saiti, mpaka pembe ya mwisho ijazwe.

"Dada, naweza kuja Jumamosi alfajiri au Jumatatu. Mnataka lini?"

Foromani alikuwa juu ya mbao, anakaza nondo huku anapiga mluzi. Ningepaza sauti kidogo tu angenisikia. Jumatatu ingetufaa kabisa. Ziwa lilikuwa limetulia, la buluu, kama halina habari na mtu yeyote.

"Jumamosi," nikasema.

Kisha nikampigia mkandarasi kwanza, akafurahi kwamba tunawahi. Foromani nilimwambia wa mwisho. Alipompigia mkandarasi kumsihi, simu ilikuwa na sauti kubwa, nasi wote tulisikia jibu: siku ya zege haondoki mtu, si ndiyo sheria yako?

Jumamosi ndoo zilipanda mkono kwa mkono tangu asubuhi. Saa nne ilipofika foromani alisimama katikati ya zege bichi, buti zimezama, akaitazama simu yake, akairudisha mfukoni. Mafundi walipokula kwa zamu, alinifuata stoo.

"Karani, mhandisi alikupa siku moja tu?"

"Alinipa mbili, mzee."

Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miezi miwili. Nilingoja apige kelele ili niyamwage. Hakupiga. Aliinamisha kichwa, akafuta saruji kwenye nyusi.

"Ungeniita tu," alisema.

"Mimi nilikuita, mzee. Wiki tatu kabla."

Akarudi juu, maana zege lilikuwa linamngoja. Jioni, slabu imekwisha, alikaa juu ya tofali nje ya stoo, na sauti ya mkewe ikavuja kwenye simu: padri aliuliza bwana yuko wapi, kanisa zima likacheka, mke akaendelea kusimama peke yake na ua mkononi. Mwanamke yule hakunikosea lolote. Nililijua hilo, na bado nilishiba.

Sasa sipo tena saiti. Kila Kwaresima napanga foleni ya kitubio, nataja uongo wangu, hasira zangu, misa nilizokosa. Jumamosi ile naiacha. Padri atataka nijute, na kumdanganya kwamba najuta itakuwa dhambi ya pili.