Kwa Bajaji Hadi kwa Mjomba

Wazo la safari lilikuwa la mume wangu. Alikuwa ameona kwenye simu picha za vijana wa Dar es Salaam waliosimama ukingoni mwa Shimo la Mungu, kule Newala, mikono wameitanua, nyuma yao bonde lote la Ruvuma mpaka Msumbiji. Akanifuata jikoni kunionyesha. "Hawa wamekaa kwenye basi siku nzima," akasema. "Sisi tupo hapa Masasi na hatujatia hata mguu." Nilimkumbusha kwamba mama yangu ni mtu wa huko, kazaliwa huko na kakulia huko. Akaniuliza kama mimi mwenyewe nimewahi kuliona. Sikuwa nimewahi. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa likizo kwa bibi, lakini bibi hakuwa mtu wa kutembeza watoto kwenye magema.

Ilikuwa Juni, shule zimefungwa, na mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu ana bajaji yake anayofanyia kazi hapa mjini. Kwa hiyo usafiri tunao, likizo tunayo, kilichobaki ni mafuta na kula. Kuhusu kula nilimwambia asipate shida. Ningepika pilau nyumbani, niitie kwenye hotipoti, nichemshe muhogo wa njiani na kujaza chai kwenye chupa, tusinunue kitu mpaka tunarudi. Nina tabia hii ya kupangilia mambo, mume wangu huiita usomi na mama huiita ubahili.

Mama ndiye niliyemhofia. Yeye na baba wanakaa Mkomaindo, si mbali na kwetu. Nilipomwambia kwamba tunataka kumpeleka akatazame Shimo la Mungu, alicheka kwa pua. "Nimelipanda hilo na maji kichwani tangu sijavunja ungo. Leo mnachoma mafuta kwenda kulitazama." Nikajua amekataa. Kisha akauliza tunaondoka lini. Baba akasema atabaki na kuku wake, kiuno hakiwezi bajaji.

Niseme kwa nini nilimhofia. Kule juu Mkunya, mbele kidogo ya Newala, yupo kaka yake mama, mjomba wangu wa pekee, na walikuwa hawajasemezana kwa miaka minne. Sababu yenyewe ni mimi. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu ya ndoa ya binti ni mjomba. Posa ifike kwake, yeye ndiye wa kukubali, yeye ndiye wa kumkabidhi binti. Posa yangu ilifika kwa baba, hapa Masasi, baba akaipokea, mambo yakaenda mbio, na mama akanyamaza akidhani atapata nafasi ya kupanda kwenda kumweleza kaka yake taratibu. Hakuipata. Mimi huku nilikuwa naandika kadi za mwaliko. Nina mwandiko mzuri, kila mtu anasema, na jioni moja niliziandika zote kwa kalamu ya wino, ya mjomba nikaiandika kwa uangalifu kuliko zote: Bwana na Bibi, mnaalikwa kwa heshima. Nikampa dereva wa gari la Newala aipeleke. Niliona nimemheshimu.

Mjomba kupelekewa kadi. Mtu anayepaswa kukaa mlangoni kupokea wageni, nimemwandikia saa ya kufika na mahali pa kukaa. Hakuja harusini. Alimpigia mama simu mara moja tu, akamwambia kwamba amefurahi kualikwa, na kwa kuwa yeye ni mgeni, basi atabaki kuwa mgeni. Tangu hapo hakupiga tena simu nyumbani kwetu, wala hakupokea ya mama. Aliposema mama kwamba anakwenda Newala kutazama Shimo, mimi nilijiaminisha kwamba anakwenda kutazama Shimo. Mtu mzima hujidanganya vizuri kuliko mtoto.

Tuliondoka kumepambazuka, baridi ya Juni inaingia pande zote mbili za bajaji. Mama alikaa nyuma katikati ya mabegi, kajifunika kitenge hadi masikioni, hotipoti miguuni. Vilima vya mawe vya Masasi vilikuwa bado vimefunikwa ukungu, vile vya mviringo ambavyo wageni husimama kuvipiga picha na sisi tunaanika nguo mbele yake. Barabarani kila mahali kulinuka salfa. Ndio msimu wake, watu wako mashambani wanapulizia mikorosho kabla umande haujakauka, na kila baada ya shamba moja ungeona wingu la njano linatoka kati ya miti na mtu aliyejifunga kitambaa usoni anatembea ndani yake. Mume wangu, aliyekulia dukani kwa baba yake, akaziba pua. "Wanaishije na harufu hii?" Mama akamjibu kutoka nyuma kwamba harufu hiyo ndiyo iliyomsomesha mkewe.

Tulisimama mara mbili kunywa chai yetu chini ya miti ya watu, tukala muhogo na chumvi. Nilijisifu moyoni kwa kila shilingi ambayo haikutoka. Halafu tukafika kwenye mpando. Uwanda wa Makonde hauanzi pole pole, unasimama mbele yako ghafla, na barabara inaupanda kwa kujikunja. Bajaji ililia, ikapunguza mwendo, ikawa inakwenda sawa na mwanamke aliyebeba kuni aliyekuwa kando yetu. Wakasalimiana na mama, habari za asubuhi, habari za huko mtokako, mpaka yule mwanamke akatupita. Mume wangu akaniomba nishuke nipunguze uzito. Nikashuka. Baada ya kona moja akamgeukia mama kwa adabu zote. Mama akamwambia, "Mimi mlinialika." Kwa hiyo nilipanda kwa miguu peke yangu, jasho linanitoka ndani ya sweta, na mama ananitazama kutoka kwenye bajaji na kuniambia nisikanyage pembeni kwenye changarawe.

Lakini nilipogeuka kutazama nyuma niliacha kunung'unika. Nchi yote ya Masasi ilikuwa imelala chini, tambarare na ya kijivujivu, na vile vilima vyetu vya mawe vimekaa mbali mbali. Nimekaa katikati yake maisha yangu yote na sikujua ni nzuri kiasi kile. Nilimwambia mume wangu azime bajaji. Tukasimama watatu kwenye upepo wa baridi.

Newala mjini mume wangu aliuliza njia ya kwenda Shimoni, akaelekezwa. Alipotaka kukata kona, mama alimshika begani.

"Twende Mkunya kwanza, mwanangu. Siwezi kutazama bonde kabla sijatazama uso wa kaka yangu. Akitufukuza, tutakuja huku, tutatazama, tutarudi nyumbani. Ila ajue nilikwenda."

Mume wangu aligeuza bajaji bila kuniuliza, na mimi nilikaa nikitazama mikono yangu na mwandiko wake mzuri. Kama mjomba angetufukuza, ingekuwa mara ya mwisho. Mama alikuwa na miaka ile ambayo mtu hajaribu jambo kama hilo mara mbili, na goti lake lisingempandisha tena uwandani kwa hiari.

Tulimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anasafisha mashine ya kupulizia salfa. Amezeeka. Mama alipiga hodi, akavua viatu, akaenda akapiga magoti. "Shikamoo, kaka." Mjomba aliitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye mashine. Akaitikia ya kwangu, akaitikia ya mume wangu. Mke wa mjomba akatandika mkeka, akamkumbatia mama, akaingia jikoni upesi kama mtu aliyeona mvua inakuja. Tukakaa. Mimi, kwa hofu, nikafanya jambo la mikono: nikaenda kwenye bajaji, nikaleta hotipoti, nikaiweka katikati ya mkeka.

Mama alifumba macho. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Huendi kwa mjomba wako na chakula chako kilichopikwa, ni sawa na kumwambia kwamba kwake kuna njaa. Mjomba aliinua macho kutoka kwenye mashine, akaitazama hotipoti.

"Mwalimu," akasema, "mara ile uliniletea kadi nije kula. Leo umeleta chakula chenyewe."

Nililia, mtu mzima, mbele ya kuku wake. Mama ndiye aliyesema. Alisema kosa halikuwa la mtoto, lilikuwa lake yeye, aliyeacha mambo yamkimbie na kisha akaona haya kuja kuyasema. Alisema miaka minne kila akipika kisamvu anamkumbuka. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Hakusema amesamehe, wala hajasamehe. Aliuliza, "Mnalala?"

"Ukituruhusu."

"Hii nyumba ya mama yetu. Mimi nani wa kukuruhusu?" Akanyanyua mashine yake, akaenda kuiweka stoo.

Tulikula kwake ugali wa muhogo na kuku. Pilau walipewa watoto wa jirani. Mjomba alizungumza na mama habari za marehemu na za wagonjwa, kwa ufupi, lakini hakumsemesha mume wangu hata neno. Hilo ndilo lililonichoma. Nilimwambia mume wangu tuvumilie, kesho tutaondoka.

Alfajiri dirisha letu liligongwa. "Mkwe. Amka, umande unakwisha." Mume wangu akaniuliza kwa kunong'ona kama ameitwa yeye. Alikuwa ameitwa yeye. Nilichungulia nikaona mjomba anamfunga mashine mgongoni, anamfunga kitambaa puani, anamvuta mkanda kama anayefunga mzigo wa baiskeli, kisha wanapotelea kwenye mikorosho. Nikasikia mashine inanguruma, inazima, inanguruma tena, na sauti ya mjomba ikimfokea aelekeze juu, juu kwenye maua, sio kwenye miguu ya watu.

Nilimfuata mama jikoni nikiwa nimefura. Mume wangu hajawahi kushika hata jembe, nilimwambia, na mjomba anamtesa kulipiza kisasi. Mama alikuwa anachochea moto. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, alikuwa mtu mwingine.

"Zamani mkwe alikuwa anakuja kulima kwa wakwe ndipo apewe mke," akasema. "Baba yako alilima shamba lile pale, misimu miwili. Mumeo hakulima hata tuta. Angekuwa mgeni, kaka angemwacha alale na chai angeletewa." Akafuta macho kwa upande wa khanga. "Wewe soma tu vitabu."

Walirudi jua limetoka. Mume wangu alikuwa wa njano kuanzia nywele hadi kandambili, macho mekundu, anapiga chafya mfululizo. Mjomba alikuwa nyuma yake anamweleza mke wake, kwa sauti ya kulalamika iliyojaa raha, jinsi kijana huyu wa mjini alivyopulizia mkorosho mmoja mara tatu na kuuruka wa pembeni yake. Kisha akasema tunaenda wote Shimoni, yeye atatuonyesha, maana peke yetu tutasimama mahali pasipofaa.

Kwa hiyo bajaji ilirudi Newala na watu wanne, mjomba na mama nyuma, mimi nimebanwa mbele kando ya mume wangu anayenuka salfa. Tulipofika ukingoni ukungu ulikuwa bado umejaa bondeni, unapasuka taratibu, na kupitia matundu yake tuliona miti midogo kabisa huko chini, na mbali mstari wa Ruvuma. Mume wangu alisahau kupiga picha. Mama na mjomba hawakulitazama bonde kama sisi. Walikuwa wanabishana njia ya maji ilishukia wapi, huyu anasema kulia kwa lile jiwe, huyu anasema hapana, pale ndipo ulipovunja mtungi wa bibi ukasingizia mbuzi.

Mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli alimtambua mjomba, akaegesha, wakasalimiana kwa kirefu. Akauliza wageni hawa ni akina nani.

"Huyu mdogo wangu, si unamjua. Huyu mpwa wangu, mwalimu huko Masasi. Na huyu mumewe." Mjomba akaweka mkono kwenye bega la mume wangu, vumbi la njano likaruka. "Nilimwozesha mimi mwenyewe."

Yule mzee akasema hongera, akauliza kama shughuli ilikwenda vizuri.

"Vizuri sana, ila mvua," akasema mjomba. "Turubai likaanguka upande wa wapiga ngoma. Tukabeba masufuria ya pilau mbio, tukahamia kwa jirani, na bibi harusi kavua viatu kavishika mkononi, anacheka. Watu walikula wakasaza."

Ilikuwa hivyo kweli. Turubai lilianguka, viatu nilivishika mkononi, nilikuwa nacheka. Mimi sikuwahi kumsimulia, wala mama. Alikuwa ameuliza watu, mmoja baada ya mwingine, wote walioshuka Masasi siku ile wakarudi, mpaka akaipata harusi yangu nzima. Mama aligeuka akalitazama bonde, na hakumsahihisha kitu.