Jinsi Tulivyouhama Mfumo wa Kofia

Siku yangu ya kwanza kazini, mhasibu wetu alinivalisha kofia ya sufu. Ilikuwa nyekundu, yenye kishada cheupe utosini, aina ile wanayovalishwa watoto mwezi wa sita upepo wa Dodoma unapokata masikio. Lakini ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua hazijanyesha, na ofisi yetu pale mtaa wa Kikuyu ilikuwa na feni moja iliyozunguka kwa kujilazimisha. Nikamuuliza kofia ni ya nini.

"Ya kuingilia kwenye mfumo," akasema, bila kutabasamu. Baadaye niligundua kwamba hakuwa na desturi ya kutabasamu, kwa hiyo hilo halikuthibitisha chochote.

Kampuni yetu ilinunua mahindi na alizeti kwa wakulima, ikaweka ghalani Kibaigwa, ikauzia wenye viwanda. Ofisini tulikuwa watatu. Alikuwepo Mama Mkurugenzi, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye ukoo wake umekuwa ukifanya biashara mjini tangu enzi za misafara, na ambaye hakuacha mtu yeyote asahau hilo. Alikuwepo huyo mhasibu. Na mimi, karani wa kumbukumbu. Wa nne alikuwa mtunza ghala, naye alikaa Kibaigwa na kompyuta iliyounganishwa na zetu.

Mfumo wenyewe ulitengenezwa na mtoto wa kaka yake Mama, enzi anasoma chuo. Ulifanya kazi vizuri kabisa kwa sharti moja: asiingie mtu zaidi ya mmoja. Wakiingia wawili kwa pamoja, mfumo ulichanganyikiwa, ukachukua taarifa za huyu ukambandika yule. Mtengenezaji aliwahi kupigiwa simu aje arekebishe. Alikuwa ameshaachana na kompyuta, anafuga nyuki huko Kondoa. "Shangazi," akamjibu, "mimi siku hizi ni mtu wa asali. Hayo mambo yalinitoka."

Ndipo Mama akabuni kofia. Aliyeivaa ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuingia. Asiye nayo alisubiri. Ubora wa mpango ule ulikuwa kwamba hakuna aliyeng'ang'ania ndani ya mfumo, kwa sababu jasho lilimfukuza. Mtunza ghala alipotaka kuingia kutoka Kibaigwa alipiga simu, na mmoja wetu akaivaa kwa niaba yake, akakaa nayo bila kazi yoyote, akitokwa na maji kama chungu kipya, mpaka mwenzake amalize. Mara nyingi mmoja huyo alikuwa mimi. Wageni waliingia wakanikuta nimekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, nimevaa sufu, natazama ukuta. Wengine walinipa pole.

Tungeendelea hivyo hadi leo kama si safari ya Kongwa.

Asubuhi hiyo Mama alikuwa na mkutano na vikundi vya wakulima kule Kongwa. Kabla ya kuondoka akataka kujua ghalani kuna nini, akavaa kofia, akaingia, akasoma. Dereva akapiga honi. Mama akabeba mkoba wake na kutoka kwa haraka.

Baada ya muda mtunza ghala akapiga simu. Malori yamefika kutoka Dar es Salaam, madereva wanataka kupakia, naye anahitaji kuingia kwenye mfumo atoe karatasi za mzigo. Tukatazama msumari ukutani ambapo kofia hutundikwa. Mtupu. Tukatafuta mezani, chini ya meza, kabatini, hata ndani ya sufuria la chai. Mhasibu akampigia Mama na kuweka sauti ya nje ili nami nisikie.

"Shikamoo Mama. Samahani, kofia iko wapi?"

"Kofia gani?"

Tulisikia upepo wa Kongwa, na nyuma yake mtu akitangaza kwenye kipaza sauti.

"Ninayo," akasema Mama taratibu.

"Kwenye mkoba?"

"Hapana."

Ilikuwa kichwani. Alishashuka nayo garini, akapokewa na akina mama wanaoimba, akasalimiana na viongozi mezani, na kupigwa picha za kutosha. Hakuna aliyemwambia kitu. Dereva alipoulizwa jioni alisema alidhani Mama anaumwa sikio. Tena ilisemekana wanawake wawili watatu pale mkutanoni walishaanza kuulizana kofia kama ile inapatikana duka gani.

Sisi huku shida yetu ilikuwa nyingine. Mimi nikapendekeza tununue kofia ya pili. Mhasibu akanitazama kwa huruma.

"Kofia mbili ni sawa na kutokuwa na kofia," akasema. Nimekaa na maneno hayo miaka kadhaa sasa na bado sijapata kosa ndani yake.

Basi tukakubaliana Mama atoe ruhusa kwa simu. Mtunza ghala naye alikuwa hewani kwenye simu yangu, nimeiweka karibu na ya mhasibu ili wote wasikie. Mama akasogea pembeni ya mkutano.

"Haya, naivua," akasema. "Imetoka. Ingieni."

Laiti angesema "ingia." Ila Mama alikuwa mtu wa adabu, na alijua anaongea na watu zaidi ya mmoja. Mhasibu, ambaye alikuwa na hesabu zake za kufunga, akaingia. Mtunza ghala akaingia. Kioo kikageuka cheupe, kikakaa hivyo, kisha mfumo ukarudi ukiwa na sura ya kawaida, ila mahindi yote ya Kibaigwa yalikuwa yamegeuka alizeti.

Mtunza ghala alitoa karatasi na kumpa dereva wa lori la mbele. Yule dereva akaisoma, akapanda juu ya mzigo, akachungulia gunia, akashuka.

"Mzee, karatasi inasema alizeti," akasema. "Mimi naona mahindi. Nikisimamishwa barabarani niseme nini? Kwamba yameokoka?"

Hakuna lori lililoondoka siku hiyo. Tulienda Kibaigwa sote, tukahesabu magunia kwa mikono na kuandika upya kila kitu, huku madalali wa sokoni wakija kwa zamu kumuuliza mtunza ghala kama jogoo wake ameshageuka bata. Yeye aliwajibu wote kwa upole. Mama ndiye aliyeumia. Jioni alikaa juu ya gunia, miguu imejaa vumbi, akasema, "Babu zangu walitembea mpaka Tabora na pembe na chumvi, na hakuna kilichogeuka kitu kingine njiani. Tunahama."

Wiki iliyofuata akaja mtaalamu wa mifumo, dada mmoja makini mwenye sauti ya chini. Alituonyesha picha ukutani na kueleza kwa nini biashara huhama. Data inakua, mfumo wa zamani unaelemewa. Watu wengi wanataka kufanya kazi kwa wakati mmoja. Nakala za akiba zinajitunza zenyewe, hata kompyuta ikiungua. Alieleza vizuri sana. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Mwanangu, huo wako unahitaji kofia?"

Dada akafungua daftari lake. Nadhani alidhani ni neno la kitaalamu ambalo halijamfikia. "Kwa kuanzia hapana," akasema kwa uangalifu. "Lakini mkiihitaji, tunaweza kuiongeza baadaye."

"Usiiongeze," akasema mhasibu.

Kuhamisha taarifa kulikuwa na tatizo moja, nalo lilikuwa majina. Wakulima wetu wengi walitoka vijiji vya Chemba na Kondoa, na baadhi yao lugha yao ina milio ya ulimi isiyo na herufi kwenye kibodi. Kila karani aliyepita aliandika kwa namna alivyosikia, au alivyokata tamaa. Mtu mmoja alikuwa ameandikwa kwa majina matano. Dada akashauri tusimtambue mtu kwa jina, tumtambue kwa namba ya simu. Namba moja, mtu mmoja. Tukaona ni busara. Mfumo mpya ukawaunganisha wote wenye namba moja, ukaanza kazi, na kwa wiki nzima tuliingia sote kwa pamoja, vichwa wazi, tukisikia feni kama mara ya kwanza.

Kisha akaja mzee mmoja kutoka Chemba. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la suti na kandambili, na simu ameishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo babu," nikamsalimia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kuuliza. Mimi nimelima lini?"

Akanipa simu. Ilijaa jumbe za mfumo wetu mpya. Mpendwa mkulima, mahindi yako yamepokelewa. Mpendwa mkulima, alizeti yako imepokelewa. Zilikuwa nyingi mpaka simu ilikuwa inamlalamikia haina nafasi.

"Nina shamba dogo nyuma ya nyumba," akasema. "Mke wangu amesoma hizi zote, sasa ananiuliza nina mashamba mengine wapi, na nimemweka nani huko."

Mambo yakaeleweka haraka. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa kwenye mwinuko, mahali pekee kijijini penye mtandao. Wakulima wenzake wote walipoulizwa namba walitoa ya kwake. Mfumo wetu uliwakusanya wote ukafanya mtu mmoja, na mtu huyo ni babu.

Dada akaja siku hiyohiyo kuwatenganisha. Akamwomba mzee amtajie majina ya wenzake taratibu. Mzee akataja la kwanza, lenye mlio katikati kama kizibo kinachofunguka. Dada akaandika.

"Hebu lisome," akasema mzee.

Akasoma.

"Huyo si mtu. Huyo ni kama mbuzi amepaliwa. Weka ulimi hapa." Akafungua mdomo kumwonyesha.

Ikawa darasa. Mama akatoka chumbani kwake, akajaribu. Mimi nikajaribu. Mzee alikuwa mwalimu mkali, hakukubali jina lolote lipite ovyo. Wa ajabu alikuwa mhasibu. Alisogeza kiti, akalitamka lile jina kwa mlio safi kabisa, mara ya kwanza, kisha akarudia mwenyewe bila kuombwa. Hapo ndipo nilipomwona akitabasamu.

Tulipomaliza kila mkulima alikuwa na nafasi yake, na dada akamwambia babu kwamba sasa hatasumbuliwa tena na ujumbe wa watu wengine.

"Sasa wao watajuaje?" akauliza mzee. "Hawana mtandao." Kisha akaongeza, akitazama pembeni, "Na siku hizi wanapita nyumbani kila asubuhi. Wanakaa. Tunakunywa uji."

Dada akaelewa. Akaongeza sehemu ya mpokea ujumbe kwenye kila jina la kijiji kile, akaandika namba ya babu kote, na safari hii kila ujumbe ulitaja mwenye mzigo. Mama akamwandikia mke wa babu barua fupi kuthibitisha kwamba mumewe hana shamba lingine lolote wala mtu wa kulitunza.

Msimu uliopita tulisikia kijiji kilimwomba agombee uongozi. Alikataa. Aliwaambia muda hana, yeye ni mfanyakazi wa kompyuta.