Shanga za Mama na Karatasi ya Moyo

Nikiukumbuka mwaka 2012, huwa naukumbuka kama alasiri moja ndefu ya Lodwar: upepo wa moto ukiingia dirishani, mikoma ya kando ya mto Turkwel ikiyumba kwa uvivu, na mama yangu ameketi kwenye kitanda cha hospitali, anakataa kuvua shanga.

Alikuwa ameanguka na kuzirai kando ya kisima kule kijijini Namoruputh, akazinduka ndoo ingali mkononi. Mimi nilikuwa fundi cherehani Kakuma, nikiwashonea akina mama wa Sudan Kusini magauni ya kanisani. Habari iliponifikia nilifunga kibanda, nikamleta apimwe moyo. Nilijiona binti mwema sana.

Shanga zilimjaa kutoka kifuani hadi chini ya kidevu, zimekolea mafuta, na tabibu alihitaji kifua kitupu ili abandike vikombe vyake vidogo vya mpira.

"Mama, hii haiumi," alisema kwa upole, nami nikatafsiri. "Hakuna stima inaingia kwako. Moyo wako ndio uko na stima yake kidogo, kila ukipiga. Mashine inasikiliza tu, halafu inaandika."

"Mwambie isikilize juu ya shanga," mama akajibu.

Kwetu mke havui shanga zake ovyo. Huzivua akifiwa na mumewe, na baba yangu alikuwa hai, yuko nyumbani na mbuzi wake. Kwa mama, kuzivua kulikuwa kumwitia baba kifo. Mimi nami hasira zangu ziko karibu. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, nikapandisha sauti mpaka tabibu akajifanya anapanga waya. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa angerudi na moyo usiojulikana, aanguke tena mahali pasipo na mtu.

Mama alipeleka mkono kwenye uzi wa juu. "Basi vaa wewe," akasema. "Zisilale mezani kama za mjane."

Tangu nianze shule nilikuwa nimezikataa shanga, nikisema ni nzito na zinanuka mafuta. Sasa alizivua uzi mmoja mmoja, akinivisha, na kila uzi ulikuwa na joto la shingo yake.

"Shingo yenyewe fupi," akanicheka.

Ilichukua muda mrefu, na sikutaka iishe.

Alipojilaza, mashine ilianza kutoa karatasi yenye miraba midogo ya waridi, na juu yake mstari mweusi ukapanda na kushuka. Kwa uzito na joto la shanga zile nilihisi nasinzia nimesimama. Tabibu alituonyesha kwa kalamu: kilima kidogo ni vyumba vya juu vya moyo vikiamka, kile kirefu chenye ncha ni vya chini vikisukuma damu, na cha mwisho ni moyo ukijiandaa kwa pigo lijalo. Mapigo ya mama yalikuwa ya polepole kidogo, lakini yamepangika.

"Lakini hii ni ya sekunde chache tu," akaonya. "Haisemi ya jana wala ya kesho. Mwakani mrudi tulinganishe. Karatasi msiweke kwa jua, itafutika."

Mama aliahidi kurudi, kisha akadai shanga zake hata kabla hajashuka kitandani. Karatasi niliipeleka Kakuma, nikaikunja ndani ya vitambaa, mbali na joto la mabati.

Mwaka 2013, tarehe ilipofika, nilimngoja kwenye lango la hospitali. Aliposhuka kwenye lori niliiona shingo kwanza. Ilikuwa nyembamba na tupu, nyeupe kuliko uso wake. Mtandao wa simu haukufika kwao, na hakuna aliyekuwa ameniambia.

"Tumemzika juzi," mama alisema. "Nimekuja kwa sababu niliahidi."

Nililia palepale langoni, naye akanishika mkono kama mgonjwa ni mimi. Ndani, tabibu alifurahi kumwona.

"Ejok, mama!" akamwamkia kwa lugha yetu. "Leo umekuja tayari kabisa."

Sikuweza kumweleza. Mama alijilaza mwenyewe, mashine ikaandika, na tabibu akaiweka karatasi mpya sambamba na ile ya mwaka uliotangulia niliyokuja nayo. Nami niliinama kutazama, kilima kwa kilima, nikimtafuta baba.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema moyo wako uko vilevile. Haujabadilika hata kidogo."

Mama alitazama dari, machozi yakimtelemkia masikioni.

"Mwambie asikilize tena," akasema.